UZI: Kusanidi vituo vya mbali vya I/O kwenye PROFINET – jina, 24 V, muda wa mawasiliano, na mtandao ukikatika

#1 Reli_ya_DIN

Wakuu, maswali ya vituo vya mbali yanajirudia kila wiki: "kituo hakionekani", "taa ya ER (hitilafu) inamwekamweka nyekundu", "jana kilikuwa kinasoma, leo hakipo". Tuyaweke yote hapa. Natumia mfano wa vifaa vya Siemens: S7-1500 (PLC, yaani kompyuta inayoendesha mashine) na ET 200SP (kituo cha mbali cha viingizio na matowe, yaani I/O), ndani ya TIA Portal, programu ya kuvisanidi, kwa sababu ndivyo wengi mnavyoviulizia. Mwenye vifaa vingine asiondoke, kanuni ni zile zile.

Faida ya kituo cha mbali mnaijua. Badala ya kuvuta nyaya mia mbili za sensa na valvu hadi kabati kuu, unaweka kituo kidogo karibu na mashine, unakipa 24 V na kebo moja ya mtandao. Ukikisanidi ovyo, hitilafu moja ya kebo hiyo inasimamisha laini nzima.

Jambo la kwanza ni jina. Kwenye PROFINET, mtandao wa viwandani wa Ethernet, PLC haimtafuti mtu kwa anwani ya IP, inamtafuta kwa jina. Kituo kipya kutoka boksini hakina jina. PLC inauliza kwenye mtandao nani anaitwa jina fulani, anayeitika ndiye anayepewa IP na vigezo vyake. Ndiyo maana unaweza kupata ping safi kabisa huku kituo kikiwa hakifanyi kazi: IP ipo, jina silo.

Mpangilio wangu wa kazi ni huu:

1. Andika orodha ya kila moduli kama ilivyo kwenye reli, kushoto kwenda kulia, pamoja na namba ya oda na toleo la programu yake ya ndani. Soma kwenye moduli yenyewe, usitegemee mchoro.
2. Kwenye TIA weka IM 155-6 PN (moduli ya kiolesura, inayounganisha kituo na mtandao), kisha moduli kwa mpangilio huo huo. Usisahau moduli ya mwisho ya kufungia reli. Inakuja ndani ya boksi la IM na watu huitupa pamoja na karatasi. Bila hiyo kituo hakifanyi kazi.
3. Unganisha kituo na PLC kwenye mwonekano wa mtandao. Kikibaki kimeandikwa "Not assigned", utapakia programu bila kosa lolote na PLC haitakuwa na habari nacho.
4. Kipe jina na IP kwenye mradi, panga anwani za I (viingizio) na Q (matowe), kompaili, pakia kwenye PLC.
5. Sasa kipe kifaa halisi jina lile lile kwa "Assign device name". Kabla ya kubonyeza, washa kipengele cha kumwekesha taa, uende ukaangalie kwa macho ni kituo kipi kinachomweka.

Hatua ya 5 ndiyo inayorukwa zaidi. Kupakia programu kwenye PLC hakuandiki jina kwenye kituo.

#2 mdau_vingunguti

Asante mkuu. Maswali mawili. Jina nikiliandika "KANDA_03" TIA inalikubali, kuna ubaya? La pili, kompyuta yangu haioni kituo chochote nikitafuta, wakati kebo ni nzima na taa ya kiungo inawaka.

#3 Reli_ya_DIN

Mdau, jina halali la PROFINET ni herufi ndogo, tarakimu, kistari na nukta basi. Ukiandika herufi kubwa au mstari wa chini, TIA inaligeuza kimyakimya. Mfano unaojulikana ni "PLC_1" inayogeuka kuwa "plcxb1d0ed". Kwenye mradi utaona jina lako, kwenye waya linatembea lingine. Siku fundi wa zamu akibadilisha kifaa na kuandika kile anachokiona kwenye mchoro, kituo hakitaitika. Andika tu "kanda-03" tangu mwanzo, na ubandike lebo yenye jina hilo hilo kwenye kifaa.

Kutokuonekana: utafutaji huo unatumia DCP, itifaki ya PROFINET ya kutafuta vifaa, ambayo haivuki ruta. Ukiwa umeingia kwa VPN au upande wa pili wa ruta, huwezi kukiona hata ufanyeje. Kagua haya matatu: umechagua kadi ya mtandao ya waya na siyo ya Wi-Fi, TIA kama iko ndani ya mashine pepe, mtandao wake uwe wa daraja na siyo NAT, na ukuta wa moto wa Windows haujaizuia. Kuna programu ya bure ya Siemens inaitwa PRONETA Basic, ipakue. Inaorodhesha vifaa vyote vilivyopo kwenye mtandao, inabadilisha majina, tena inakuwezesha kupima kila kiingizio na kila towe kabla programu ya PLC haijaandikwa. Kwa kupima nyaya za paneli mpya hakuna kinachookoa muda kama hicho.

#4 KeboNene

Naomba niingie kwenye umeme, maana nusu ya matatizo yanayoitwa ya mtandao ni 24 V.

ET 200SP ina vitako (misingi ambayo moduli huchomekwa) vya aina mbili. Cheupe kinaanzisha kundi jipya la umeme, hapo ndipo unapoingiza L+ (chanya) na M (hasi). Cheusi kinarithi umeme kutoka kwa jirani wa kushoto. Kundi moja linabeba hadi 10 A. Sasa fanyeni hesabu: moduli ya matowe 8 ya 0.5 A, yote yakiwaka kwa mzigo kamili, ni 4 A. Mbili ni 8 A. Ya tatu inakupeleka 12 A, kwa hiyo lazima ikae kwenye kitako cheupe na ilishwe kwa waya wake wenye fyuzi yake. Watu hupanga vitako vyeusi mfululizo kwa sababu nyaya ni chache na kazi inaisha haraka.

Mimi hutenganisha kundi la sensa na kundi la valvu kila mara, hata kama ampea zinatosha. Koili ya valvu ikipiga shoti na fyuzi ikakata, sensa zinabaki hai na PLC inaendelea kujua mashine iko wapi. Mkivichanganya, shoti moja inaipofusha PLC.

#5 mdau_vingunguti

Mkuu KeboNene, kituo chetu kipo kama mita 60 kutoka pawa saplai. Kuna 24 V kamili pale kwenye kabati kuu, ila kule kituoni kinazima chenyewe valvu nyingi zikiwaka pamoja. Waya ni wa 1.5 mm².

#6 KeboNene

Jibu liko kwenye waya wako. Mita 60 ni kwenda tu, umeme unarudi pia, kwa hiyo ni mita 120 za shaba. Ukinzani wa shaba ni takriban ohm 0.0175 kwa kila mita kwa milimita moja ya mraba. 0.0175 × 120 ÷ 1.5 = ohm 1.4. Valvu zikivuta 5 A unapoteza V 7. Zinabaki 17 V, wakati kituo kinahitaji kati ya 19.2 na 28.8 V. Lazima kizime.

Ukiweka waya wa 4 mm², ukinzani unashuka hadi ohm 0.525, unapoteza kama V 2.6, zinabaki 21.4. Kitafanya kazi. Ila mimi ningeweka pawa saplai ndogo palepale kituoni, nikavuta 230 V hadi huko. Na pima volteji kwenye terminali za kituo wakati valvu zote zimewaka. Kipimo cha mashine ikiwa imelala hakikuambii chochote.

#7 Zambarau_DP

Wengine bado tuna PROFIBUS, mtandao uliotangulia PROFINET, na haiendi popote leo wala kesho. Kwa wanaorithi mitambo ya zamani: urefu wa kebo unaendana na kasi. Kwa 1.5 Mbit/s mwisho ni mita 200 kwa kipande kimoja, kwa 500 kbit/s mita 400, kwa 187.5 kbit/s mita 1000. Kuanzia 3 hadi 12 Mbit/s ni mita 100 tu. Mtandao unaoyumba kwa sababu kebo imerefushwa mara nyingi unatulia kwa kushusha kasi, bila kununua chochote. Vifaa kwenye kipande kimoja visizidi 32, kirudishi nacho kikihesabiwa.

Rezista za mwisho ziwake kwenye plagi mbili tu, ya mwanzo kabisa na ya mwisho kabisa. Kwenye plagi nyingi, swichi hiyo ikiwashwa katikati ya laini inakata kebo inayotoka, kwa hiyo vituo vyote vya mbele yake vinapotea kwa pamoja. Ukiona vituo kuanzia cha nne hadi cha mwisho vimekufa kwa wakati mmoja, nenda kaangalie plagi ya cha tatu kwanza. Pia kifaa cha mwisho kinatakiwa kiwe na umeme muda wote, maana rezista zinalishwa 5 V kutoka kwake. Kikizimwa kwa matengenezo, laini nzima inaanza kuchezacheza.

Kipimo cha haraka: toa plagi zote kwenye vifaa, washa rezista za miisho miwili, pima kati ya nyaya A na B. Unatakiwa upate karibu ohm 110. Ukipata 220, mwisho mmoja haupo. Chini sana ya 110, kuna rezista ya tatu imewashwa mahali au kuna shoti.

#8 Zamu_ya_Usiku

Hapa kwetu kuna pete ya PROFINET yenye MRP (itifaki inayobadilisha njia kebo moja ya pete ikikatika). Kila kebo moja ikichomoka kwa makusudi ya majaribio, vituo vinne vinapotea kwa nusu sekunde na laini inasimama. Si ndiyo maana ya pete kwamba isisimame?

#9 Reli_ya_DIN

Mkuu, pete yako nadhani ni nzima, tatizo ni muda wa uangalizi. MRP inachukua hadi ms (milisekunde) 200 kubadilisha njia. TIA yenyewe inaweka vipindi 3 vya kusubiri, kwa hiyo ukiwa na mzunguko wa ms 2, kituo kinahesabiwa kimepotea baada ya ms 6. Pete haijawahi hata kuanza kujipanga, PLC imeshatangaza kifo.

Nenda kwenye sifa za kiolesura cha kituo, sehemu ya muda wa kusasisha. Weka ms 16 na vipindi 16, unapata ms 256. Kanda ya kusafirisha na matangi hayahitaji ms 2. Kinachohitaji kasi hiyo ni mota za kupangilia mwendo, na hizo usiziweke kwenye pete ya MRP ya kawaida.

Kwa wanaoanza na pete: pakieni usanidi kwanza, msimamizi wa pete awe mmoja tu, wengine wote wateja, na kebo ya mwisho ya kufunga pete ichomekwe mwisho kabisa. Ukifunga pete kabla vifaa havijajua kuwa ni pete, ujumbe unazunguka bila kuisha na mtandao mzima unakufa kwa sekunde chache. Pete isizidi vifaa 50.

Swichi za dukani za matumizi ya nyumbani zisiingie kabisa kwenye njia hii. Hazielewi MRP, plagi yake ya adapta inalegea kwa mtetemo, na nyingi zimetengenezwa kwa joto la sebuleni. Ndani ya kabati chini ya bati la Dar mchana wa Februari ni habari nyingine. Hata ET 200SP yenyewe ina mipaka: 60 °C reli ikiwa imelala, 50 °C ikiwa imesimama wima.

#10 Fundi_4-20

Upande wa analogi, mambo matatu yanayosumbua.

Waya mbili au nne. Sensa ya presha ya waya mbili inalishwa na moduli yenyewe, ya waya nne ina umeme wake. Chaguo hili linawekwa kwa kila chaneli. Ukiisanidi ya waya mbili kama ya waya nne, hakuna mkondo, moduli inasema waya umekatika, na fundi anazunguka kutafuta waya uliokatika ambao haupo.

Namba. Kwenye PLC, 4 mA ni 0, 20 mA ni 27648, katikati 12 mA ni 13824. Tangi la mita 5 likisoma 13824 lina mita 2.5. Ukiwasha uchunguzi wa waya kukatika, waya ukikatika unapata 32767, yaani namba kubwa, siyo sifuri. Programu isiyojua hilo inaona tangi limejaa pomoni na inazima pampu, au mbaya zaidi inafungua valvu ya kutolea. Kwa hiyo linganisha thamani kabla ya kuitumia, au washa biti za ubora: kila chaneli inapata biti yake, 1 ni nzuri, 0 usiiamini.

Mwisho, kuna kigezo cha kuchuja mwingiliano wa umeme wa gridi. Hapa kwetu ni 50 Hz. Mashine zinazokuja zimesanidiwa kwa nchi za 60 Hz huwa zimebaki hivyo, na kipimo kinatetemeka kidogo muda wote bila sababu inayoonekana. Badilisha kwenye kila moduli.

Na tafadhali, kebo ya sensa isilale trei moja na kebo ya mota inayotoka kwenye draivu. Acha angalau sentimita 20, wavu wa kebo ubanwe kwa klampu pana kwenye bamba la erthi. Ule mkia wa waya uliosokotwa na kufungwa kwenye skrubu haukingi kitu kwenye masafa ya draivu.

#11 mdau_vingunguti

Naongeza swali: umeme wa TANESCO ukikatika na kurudi, mara nyingine PLC inawaka vizuri lakini vituo viwili vinachelewa na laini inaleta kosa hadi mtu aje kubonyeza. UPS ipo.

#12 KeboNene

UPS inalisha nini? Fuata waya. Karibu kila mara utakuta inalisha PLC na skrini tu, swichi za mtandao na vituo viko kwenye 24 V ya kawaida. Hapo PLC haikuzimika, ila ilipoteza vituo vyote, na kwake hiyo ni hitilafu na siyo kuwaka upya. Vyote vinavyosemezana viwe kwenye 24 V inayokingwa: PLC, swichi, IM za vituo. Valvu na kontakta zibaki nje, betri isiishe bure.

Kama hakuna kinachokingwa na vyote vinazima pamoja, angalia muda ambao PLC inavisubiri vituo wakati wa kuwaka. S7-1500 kwa kawaida inasubiri hadi sekunde 60. Kama kuna mtu aliushusha ili iwake haraka, urudishe.

#13 Zambarau_DP

Kwa S7-300 ongezeni hili: kama OB86 na OB82 (vipande vya programu vinavyoitwa kituo kikipotea au moduli ikiripoti hitilafu) hazipo kwenye programu, kituo kimoja kikipotea PLC nzima inaingia STOP. Weka hata zikiwa tupu. S7-1500 inaendelea na RUN bila hizo. Hapo hatari inageuka upande wa pili: laini inaendelea kama vile hakuna kilichotokea, ikisoma sifuri kutoka kwenye kituo kilichokufa.

#14 Reli_ya_DIN

Zambarau amefika palepale nilipotaka uzi ufike. Kila moduli ya matowe ina kigezo cha nini kifanyike PLC ikiingia STOP au mawasiliano yakikatika: zima, baki kama ulivyokuwa, au toa thamani mbadala. Kinachokuja chenyewe ni kuzima. Watu wengi hawakifungui kabisa kigezo hicho, wakati ndicho kinachoamua kama ajali itatokea.

Kaa na mtu wa uzalishaji, mpitie towe moja baada ya jingine. Kanda: zima. Hita: zima. Valvu ya maji ya kupozea: hapo mnajadiliana, kwa sababu kuifunga kunaweza kuharibu mashine kuliko kuiacha wazi. Breki inayofunguka kwa umeme: zima, ili ishike. Usichague "baki kama ulivyokuwa" kwa mota yoyote inayoweza kumfikia mtu.

Kisha fikiria kituo kinaporudi. Mtandao ukirejea baada ya sekunde 3, kituo kinapokea papo hapo kile ambacho programu inakiamuru. Kama programu bado inasema mota iwake, mota inawaka yenyewe huku fundi ameingiza mkono akitafuta kosa. Kwa hiyo: OB86 iwashe biti ya kituo kimepotea, biti hiyo ifute amri zote za kuwasha za kituo kile, na isifutike hadi mtu abonyeze kitufe cha kuweka upya akiwa mahali anapoiona mashine.

Na kitufe cha dharura hakipiti kwenye moduli za kawaida hata siku moja. Ama kimeunganishwa kwa nyaya hadi rilei ya usalama, ama moduli za usalama zenye PROFIsafe (mawasiliano maalumu ya usalama) na PLC ya usalama. Sioni nafasi ya mjadala hapo.

#15 Zamu_ya_Usiku

Nimebadilisha muda kuwa 16 × 16, pete imekatwa mara kadhaa, hakuna kituo kilichopotea. Shukrani mkuu. Sasa tukibadilisha IM iliyoungua usiku na hakuna mwenye kompyuta, inawezekana?

#16 Reli_ya_DIN

Inawezekana ukiandaa mapema. Chora kwenye TIA mlango gani umeunganishwa na mlango gani, kituo hadi kituo, na uruhusu ubadilishaji wa kifaa bila kadi ya kumbukumbu. PLC itaitambua IM mpya kwa majirani zake na kuipa jina yenyewe. Masharti mawili: kebo zirudi kwenye milango ile ile, P1 kwa P1, na IM iwe imerudishwa hali ya kiwandani. Iliyotolewa kwenye mashine nyingine ina jina la zamani na itakataa, isipokuwa umeruhusu majina kufutwa na kuandikwa upya. Vipuri vya stoo visafisheni kabla ya kuviweka rafu.

#17 mdau_vingunguti

Na hayo ya mtandao kukatika tunayapimaje bila kuharibu kitu?

#18 KeboNene

Mashine tupu, watu wote nje ya uzio, mmoja kwenye kituo na mmoja kwenye skrini. Washa laini, chomoa kebo ya mtandao ya kituo. Taa za matowe zizime zote isipokuwa zile mlizokubaliana zibaki. Rudisha kebo, msiguse kitu: hakuna kinachotakiwa kusogea. Bonyeza kitufe cha kuweka upya, kisha cha kuwasha, ndipo iende. Rudia kwa kuiweka PLC kwenye STOP, halafu kwa kukata fyuzi ya kila kundi la umeme, moja moja. Majibu yaandikwe kwenye jedwali la matowe na libandikwe ndani ya mlango wa kabati.

Taa ya towe ikizima lakini mota bado inazunguka, pima 24 V kwenye A1 na A2 (ncha za koili) ya kontakta. Hakuna volteji na bado imeshika? Midomo yake imeungana kwa joto, badilisha kontakta kabla ya kugusa usanidi.